Ndiyo, ni Ozzy mwenyewe

Umeuliza kama ile sauti kwenye wimbo "Therapy" wa bendi ya roki ya Infectious Grooves ni ya Ozzy Osbourne, yule mwimbaji wa Black Sabbath. Ndiyo, ni yeye kabisa. Wimbo huo umo kwenye albamu yao ya kwanza, ya 1991, na mwimbaji wa bendi ni Mike Muir wa bendi ya Suicidal Tendencies. Lakini ndugu yangu, usiishie kwa Ozzy! Sikiliza gitaa la besi la Robert Trujillo, huyu aliyeingia bendi ya Metallica mwaka 2003: linarukaruka mbele ya magitaa mengine na kuuburuta wimbo mzima. Na vile vichekesho vya Sarsippius, mhusika wa kuchekesha kwenye albamu, kati ya wimbo na wimbo usiviruke, mimi navicheka hadi leo. Tumia spika kubwa, simu itakunyima besi.