Mwalimu Kantorek hanitoki akilini

Mhariri, wiki hii mmetuuliza ni kitabu gani kilituumiza tukashindwa kukisahau. Changu ni riwaya ya Mjerumani Erich Maria Remarque iliyotoka 1929, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Kiingereza, All Quiet on the Western Front. Ni habari ya vijana wa darasa moja waliotoka shuleni moja kwa moja hadi kwenye mahandaki ya Vita Kuu ya Kwanza, upande wa Ufaransa. Remarque mwenyewe aliingizwa jeshini 1916 akiwa na miaka 18, na mwaka uliofuata akajeruhiwa. Hakuandika ya kusimuliwa.

Mimi nafundisha sekondari. Labda ndiyo maana vifo vyenyewe, na ni vingi, havikunitesa kama Kantorek, mwalimu wa vijana hao. Kantorek hakumshikia mtu bunduki. Aliwahutubia tu, tena kwenye vipindi vya mazoezi ya viungo, akiwakazia macho kupitia miwani yake, mpaka darasa zima likafuatana naye kwenda kujiandikisha. Mmoja, Josef Behm, kijana mnene, mpole, hakutaka. Alisitasita, mwisho akakubali, maana angebaki angetengwa. Siku zile hata mzazi alikuwa mwepesi kumwita mwanawe mwoga.

Basi huyo asiyetaka akawa miongoni mwa wa kwanza kufa. Alipigwa jichoni, wenzake wakamwacha wakidhani amekwisha. Mchana wakamsikia analia, wakamwona anatambaa huku na huku, haoni, hajui ajifiche wapi. Akamiminiwa risasi kabla hajafikiwa na mtu.

Remarque anayamaliza hayo kwa mistari michache, bila kupaza sauti. Kesho yake nilipoita mahudhurio ya kidato cha nne, kila aliyeitika "nipo" nilimtazama mara mbili.

Vita hiyohiyo ilipiganwa na huku kwetu, na wapagazi wengi waliisha kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Dar es Salaam tuna Sanamu ya Askari tangu 1927. Riwaya ya kijana mpagazi, iliyoandikwa na aliyebeba mzigo mwenyewe, sijaiona, na nikiwaza hivyo kitabu cha Remarque kinaniuma upya.

Baadaye Kantorek naye anaitwa jeshini, na anayempigisha kwata ni Mittelstaedt, mwanafunzi wake wa zamani, anayemrudishia maneno yake ya darasani moja baada ya jingine. Nilicheka, nani asingecheka? Ila kicheko hicho hakikunisaidia kitu. Mwalimu amevaa gwanda lisilomkaa, anafokewa uwanjani, basi. Behm yuko kaburini.

Mwenzangu ofisini anamtetea: Kantorek naye alilishwa maneno na serikali yake. Sibishi. Paul Bäumer, msimulizi, anakubali kwamba akina Kantorek walikuwa maelfu, kila mmoja akiamini anatenda jema, isipokuwa jema lenyewe halikuwagharimu chochote. Sentensi hiyo niliirudia hadi nikaikariri. Mimi pia huwahimiza vijana wawe tayari kwa lolote kwa ajili ya nchi yao, tena kwa sauti ya kusisimua, kisha narudi ofisini kunywa chai. Jumatatu ijayo zamu ya kuzungumza mstarini ni yangu, na hotuba bado sijaiandika.