Oda zinaongezeka, mtaro unalalamikiwa

Dada, unauliza uongeze mapipa ya batiki au kwanza umalizane na majirani wanaolalamikia maji ya rangi mtaroni. Anza na mtaro. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaruhusu faini na hata kusimamishwa kazi, na hapo oda zote zinalala.

Kinachonitisha zaidi ni kostiki soda, ile kemikali unayochanganya na rangi, kuliko rangi yenyewe, maana inaunguza ngozi. Maji ya rangi yenye kostiki usimwage kila siku. Yatumie tena kwa kitambaa kinachofuata. Nta ya batiki inayoganda juu ya maji uliyochemshia kitambaa iengue, iyeyushe upya. Hiyo ni hela yako ulikuwa unaitupa!

Kabla ya kupanua, waulize NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, kama utahitaji tathmini ya athari kwa mazingira. Na wale majirani, waite waje waone ulivyorekebisha.