Alosto haimalizwi kwa kufuli

Dada mmoja wa Igogo ametuandikia wiki hii. Kaka yake anatumia unga, yaani heroini. Familia imemfungia chumbani siku 5, ametapika, ameharisha, jana amekula uji. Anauliza kama amepona.

Dada, hajapona, na sasa ndipo anahitaji kuchungwa zaidi. Alosto, yaani mateso ya mwili unapokosa heroini, huanza saa chache baada ya kete ya mwisho (pakiti ndogo ya unga), hupamba moto siku ya 2 na ya 3, halafu hulegea ndani ya wiki. Mwili uliotoka humo umepoteza mazoea ya unga. Kipimo alichokizoea mwezi jana kinaweza kumkata pumzi leo akikirudia, na hamu ya kukirudia bado anayo.

Mpelekeni hospitali ya Sekou Toure hapo Mwanza, kwenye kliniki ya methadoni, dawa ya kumeza inayoshika nafasi ya heroini na kutuliza alosto. Dawa hutolewa bure. Mwambieni muuguzi ukweli kwamba amekaa siku 5 bila unga, maana dozi hupangwa kwa kuangalia hilo. Asiende amelewa, anayesinzia hapewi dawa. Kama anameza dawa za kifua kikuu aseme pia, kwa kuwa rifampisini huimaliza methadoni mwilini haraka na alosto hurudi.

Dozi ya kwanza huwa ndogo, kwa kawaida haizidi miligramu 30. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku moja, kwa hiyo ya leo huikuta ya jana. Ndiyo maana hupandishwa polepole, na wengi hutulia kati ya 60 na 120. Wiki 2 za mwanzo ndizo za hatari: mtu akihisi dozi haitoshi huongezea kete, valiamu (dawa ya usingizi) au gongo, akalala asiamke. Mkisikia anakoroma kwa namna ya ajabu, mkimtikisa haamki, na mboni zimekuwa kama ncha ya sindano, mlazeni ubavu na mkimbizeni hospitali. Msimmwagie maji wala kumnywesha maziwa.

Dawa humezwa mbele ya muuguzi kila siku, na hapo wavuvi wengi hukwama. Kama mgonjwa ni mvuvi wa dagaa, aanze kipindi cha mbalamwezi, mitumbwi ikiwa imepaki. Lakini mapumziko hayo ni mafupi mno kwa tiba hii. Giza likirudi na uvuvi ukianza tena, atafutiwe kazi ya nchi kavu, kama kupakia mizigo mwaloni Kirumba, asirudi mapema visiwani Ukerewe, mbali na kliniki. Akikosa siku 3 mfululizo asidai dozi ileile. Daktari ataishusha kwanza.

Methadoni haitibu bangi wala pombe. Na mlevi wa gongo wa kila siku msimfungie hata kidogo: akiachishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku 2.

Dada, nendeni kesho asubuhi, na ndugu mmoja aahidi kumsindikiza kila siku mpaka dozi itulie.