Upepo umeng'oa upande wa paa na fundi hawezi kufika: tuanzie wapi?

SWALI

Fundi, habari za kazi. Tunaishi kwenye mteremko wa mlima. Juzi usiku dhoruba imeng'oa mabati mengi ya upande mmoja wa paa, na kilichotushangaza ni kwamba ni upande ambao upepo haukuupiga. Papi kadhaa (mbao za kukatisha zinazopigiliwa mabati) zimeondoka pamoja na mabati, ila kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zimebaki. Barabara imezibwa na maporomoko, fundi hatafika kwa siku kadhaa, na mvua inarudi kila jioni. Tulitandaza turubai tukalikandamiza kwa mawe, likapeperuka usiku uleule. Mzee jirani anatushauri tufungue madirisha yote upepo ukianza, ili upate pa kupita. Tuna ngazi, nyundo, misumari, kamba, waya na mbao chache. Tuanzie wapi?

JIBU

Poleni sana. Kwa kuwa kenchi zimebaki, ipo kazi mnayoweza kuifanya wenyewe. Ila turubai si la kwanza. La kwanza ni kuyashika mabati yaliyobaki.

Najua maji yanaingia na kila aliye ndani anataka tundu lifunikwe. Lakini pale mabati yalipokatikia ndipo penye ukingo wa paa sasa, na hapakuwahi kupigiliwa misumari kama ukingo. Upepo wa jioni utapenya chini ya bati la mwisho, utalifunua, kisha utahamia la pili. Nusu iliyobaki ikienda, hilo turubai mtalifunga wapi?

Kuhusu upande ulioondoka, hakuna ajabu. Upepo ukipanda upande mmoja na kuruka kilele, nyuma ya kilele hewa inakonda na bati linavutwa kwenda juu. Mvuto huo ni mkali zaidi kwenye kona, kwenye kingo na karibu na kofia, yaani bati linalofunika kilele. Paa lililolala sana huvutwa hata upande unaopigwa. Mlimani mambo huzidi, kwa sababu upepo huongeza kasi unapopanda mteremko na kuvuka kilele cha kilima. Nguvu yake nayo haikui sambamba na kasi: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inakuwa mara nne. Upepo wa kilomita 100 kwa saa una msukumo wa karibu kilo 48 kwa kila mita ya mraba, na kwenye kona mvuto unaweza kupita hapo. Bati jembamba la kawaida halifiki hata kilo 4 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo uzito haujawahi kulishikilia paa lolote la bati. Linashikiliwa na viungo: bati kwa papi, papi kwa kenchi, kenchi kwa ukuta. Mawe yenu yasingefua dafu, na bora hayakumwangukia mtu. Msiyarudishe juu.

Kabla ya kugusa chochote, zungukeni nyumba mkiwa chini. Angalieni ule ukuta wa pembetatu wa ubavuni. Ukuta huo ulikuwa unaegemea paa, na paa likiondoka unabaki umesimama peke yake. Ukiwa na ufa mpya au umeinama, chumba chake kihameni, na msisimamishe ngazi upande huo. Angalieni pia sehemu kenchi zinapokalia ukuta. Mkiona mwanya mpya kati ya mbao na ukuta, kiungo hicho kimeng'oka, na hapo si pa kupanda mtu hadi fundi aje. Zimeni umeme kwenye swichi kuu. Paneli za sola hazizimiki kwa swichi hiyo. Maadamu kuna mwanga zinazalisha, kwa hiyo waya wake uliokatika usishikwe. Dari likiwa limetuna kwa maji, wekeni ndoo, simameni pembeni, mtoboe tundu dogo pale lilipotuna zaidi. Sentimita 1 ya maji juu ya mita moja ya mraba ni kilo 10, na dari la kawaida halikuundwa kubeba mzigo huo.

Sasa kuyashika mabati. Uzuri ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii hufanywa kutoka ndani, bila mtu kukanyaga paa lenye maji. Simameni kwenye ngazi chini ya paa lililobaki. Kama kuna dari, ondoeni bodi moja mpite, na mkiwa juu mkanyage mbao tu. Kila papi inapovuka kenchi, fungeni kwa waya. Chini ya kila mgongo wa bati kuna uwazi mdogo juu ya papi, na waya unapita hapo vizuri. Upitisheni juu ya papi, uteremke pande zote mbili za kenchi, uzungushwe chini yake, kisha mkaze kwa koleo au kwa kusokota na msumari mnene. Waya wa milimita 3 unafaa. Mwembamba ukunjeni mara mbili au tatu. Anzeni na papi zilizo karibu na tundu, kisha za kwenye kona na za chini kabisa, halafu endeleeni kadiri waya unavyotosha.

Kwa nini waya na si misumari zaidi? Kwa sababu msumari uliopigiliwa wima kutoka juu, ukivutwa kwenda juu, unatoka kwa njia ileile uliyoingilia. Mmesema papi ziliondoka na mabati yake. Maana yake misumari ya bati ilishika, na kilichoachia ni kiungo cha papi na kenchi, ambacho pengine kilikuwa na msumari mmoja tu. Huu ndio udhaifu ninaoukuta mara nyingi kuliko mwingine wowote, na mtu husingizia bati.

Kwa nje bado mna kazi mbili. Kwenye ubavu wa tundu, lazeni ubao juu ya ukingo wa bati la mwisho, ushuke na mteremko wa paa, mpigilie hadi kwenye kila papi. Na kileleni, pale kofia ilipong'oka, ongezeni misumari ya bati kwenye kila mgongo wa bati lililobaki. Papi zilizokatika zikabaki zinaning'inia nje ya kenchi, zikateni. Zikibaki, upepo utazitumia kubandulia zilizo nzima.

Apande mmoja, mwingine abaki kwenye ngazi. Ngazi itoke nje ya ukuta mita 1 kwa kila mita 4 za kimo, na izidi ukingo wa paa kwa mita 1. Mpandaji afungwe kamba inayovuka kilele na kufungwa upande wa pili kwenye mti imara. Ikifungwa upande wake haitamzuia kuanguka. Akanyage kwenye mistari ya misumari, kwa sababu chini yake kuna papi, na asikanyage kamwe bati la plastiki linalopitisha mwanga. Mkisikia radi, shukeni, na msirudi juu hadi zipite dakika 30 tangu mngurumo wa mwisho. Mkiona matawi makubwa yanayumba na nyaya zinapiga mluzi, hiyo si siku ya kupanda paa. Turubai mikononi mwa mtu ni tanga, na litaondoka naye.

Hapo ndipo turubai linapofuata. Lenu lilipeperuka kwa sababu kingo zake zilikuwa wazi. Kwanza pigilieni mbao za muda kukatisha kenchi, kila baada ya sentimita 60 hivi, la sivyo turubai litabonyea katikati na kufanya dimbwi. Turubai livuke kilele na kushuka walau mita 1 upande wa pili. Kwenu, ambako upepo unatokea upande huo, mita 2 ni bora kama linatosha. Kwa chini lipite ukingo wa paa, maji yasirudi ukutani. Viringisheni kila ukingo wake kwenye ubao mizunguko miwili au mitatu, mzunguko wa mwisho uingie chini, halafu ndipo mpigilie ubao huo kwenye kenchi au papi. Msumari uliopita kwenye turubai tupu unalichana usiku wa kwanza. Vitundu vya kamba vya pembeni ni vya kuongezea tu, visitegemewe.

Katikati ya turubai nako kunahitaji kushikwa, la sivyo litapigapiga hadi lichanike. Watu wengi hulaza mbao za kukandamiza kwa kukatisha paa. Maji yanajikusanya nyuma ya kila ubao na kupenya penye misumari. Zilazeni kuanzia kileleni kushuka chini, kila moja juu ya kenchi yake.

Kuhusu madirisha, mwambieni mzee kwa heshima kwamba hapana. Ushauri huo nimeusikia kila nilikofanya kazi, na unaonekana wa busara. Lakini upepo ukiingia ndani unasukuma paa kutoka chini wakati uleule linapovutwa kutoka juu, na nguvu hizo mbili zinajumlishwa. Fungeni madirisha na milango, hasa upande upepo unakotokea, na kioo kilichovunjika kizibwe kwa ubao kutoka nje.

Kuna jambo hamkuliuliza, na kwenye mteremko linanitia wasiwasi kuliko tundu lenyewe: maji ya turubai yanakwenda wapi? Mvua ya milimita 10 juu ya mita 50 za mraba ni lita 500. Zamani mfereji wa paa ulizipeleka mahali. Sasa zote zinamwagika kwenye mstari mmoja chini ya ukuta, juu ya udongo ulioshiba maji. Chimbeni mfereji mdogo au lazeni bati bovu chini ya ukingo, maji yapelekwe pembeni ya nyumba hadi kwenye mkondo uliokuwapo. Msiyamwage ukingoni mwa tuta wala juu ya nyumba ya jirani wa chini. Na ukitokea ufa mpya ardhini, miti au nguzo zikaanza kuinama, mlango ukakwama ghafla bila sababu, au chemchemi ikatoka tope ghafla, acheni paa mwondoke.

Turubai hili ni la wiki chache, na miezi ni kulionea. Jua la mlimani hula plastiki haraka, kwa kuwa mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa karibu asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Likaguliwe kila baada ya upepo, na nyaya zikazwe upya.

Mabati yaliyong'oka yakusanyeni leo na kuyafunga kwa kamba, maana bati linaloruka ni hatari kuliko paa lililo wazi. Msiyang'oe misumari wala msiyatenganishe na papi zake kabla fundi hajayaona, kwa sababu ndiyo yatakayomwonyesha kiungo kilichoachia. Yaliyonyooka yanaweza kurudi juu, matundu ya zamani yakizibwa kwa mkanda wa lami. Yaliyokunjika kwa kukatisha migongo hayafai tena kwa paa. Kama paa lenu ni la zamani na lina vigae vya asbesto, vipande msivisage, msivikate wala msivifagie vikiwa vikavu: vilowesheni, mvifunge kwenye plastiki na kuviweka mbali na watoto.

Fundi akifika, swali la kumuuliza kabla ya bei ni hili: papi utazifunga vipi kwenye kenchi, na kenchi utazifunga vipi ukutani? Akijibu "kwa misumari" tu, mwambieni aongeze ukanda wa chuma au waya kwenye kila makutano, na ule wa ukutani uzamishwe tofali kadhaa chini, usiishie kwenye tofali la juu.