Vyura "wa" Amani au vyura "vya" Amani?

SWALI: Natembeza wageni katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Tunaandaa kibao kipya. Nimeandika "Vinyonga na vyura vya Amani", mwenzangu anasema ni "wa". Wa tatu anataka tuandike "wadudu" tu, ubishi uishe. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Muheza

JIBU: Mwenzako amepatia. Andikeni "Vinyonga na vyura wa Amani".

Kinyonga na chura wamevaa sura ya KI-VI, lakini kiumbe mwenye uhai huchukua upatanisho wa A-WA, awe amevaa kiambishi gani. Ndiyo maana kiboko amezama, hakijazama, na kipofu ni yule, si kile. Katika kitenzi watu hawakosei sana. Hata wewe, bila shaka, husema "vyura wanalia". Kosa hujificha kwenye sifa na kwenye kile kineno cha uhusiano: ulimi ukishatamka vy- hutamani kuirudia, ikatoka "vyura vidogo vya msituni". Sahihi ni "vyura wadogo wa msituni", "kinyonga mkubwa", "vinyonga wawili".

Kuna mlango wa kutokea, nao ni udogishaji. Nyoka akifanywa kijoka, tunasema "kijoka kile kimejikunja", kwa kuwa hapo msemaji anakusudia udogo au dharau. Sidhani kama mnataka kuwadharau vinyonga wenu, hasa baada ya wanasayansi kulichukua neno letu wakaliingiza katika majina yao: mwaka 2006 jenasi nzima, yaani kundi la spishi za vinyonga wenye ukoo wa karibu, ilipewa jina Kinyongia, na mmojawapo, Kinyongia matschiei, ambaye dume lake lina pembe mbili puani, ni wa huko huko Usambara Mashariki.

Mkifika kwa mjusi, wingi wake ni mijusi, lakini bado ni "mijusi hawa", kama tusemavyo "mitume hawa". Wapo wanaosema wajusi. Kwenye kibao msiwafuate. Na "mjusi kafiri" mwacheni kwenye kuta za nyumba. Ndiye yule ambaye katika masimulizi ya Kiislamu aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahimu, kwa hiyo si kila mjusi wa msituni anastahili lawama hiyo.

Sasa huyo wa tatu. Namwelewa anakolitoa. Mtu akisema usiku "kuna mdudu kapita hapo", mara nyingi ni nyoka anayeogopwa kutajwa. Hiyo ni lugha ya tahadhari, na ina utamu wake, ila mgeni akisoma "wadudu" atatafuta vipepeo. Vitabu vya shule vimeshazoea maneno "reptilia" (kinyonga, mjusi, nyoka) na "amfibia" (chura na jamaa zake), nanyi yatumieni. "Wanyama watambaao" hueleweka, lakini humwacha nje chura.

Na si chura peke yake. Mkichimba udongo wa Amani mtamkuta kiumbe mrefu asiye na miguu, ambaye wengi humdhani nyungunyungu. Huyo ni amfibia, kwa jina la kitaalamu Boulengerula boulengeri. Jina lililozoeleka kwa Kiswahili hana. Kuliko kumwita mnyoo, semeni tu "amfibia asiye na miguu".

Jambo la mwisho halikuulizwa, ila litawaponza. Wachoraji wa vibao hupenda kumzungushia kila chura viluwiluwi (nao ni "viluwiluwi hawa", si "hivi"). Mkimchora Nectophrynoides tornieri, chura mdogo wa msitu wenu, mwambieni mchoraji awaache viluwiluwi: huyo huzaa vyura wadogo waliokwisha kukamilika, bila kupitia hatua ya kiluwiluwi majini.