Kuogelea Oman pamoja na watoto

Ndugu muulizaji, umeuliza mahali pa kuogelea na watoto nchini Oman; kwa kuwa watoto wako hawajui kuogelea nanyi mtakuwa Muscat kwa siku tatu tu, ningewapeleka Wadi Bani Khalid (wadi ni bonde la mto), ambako mabwawa ya asili hayakauki mwaka mzima na kingo zake zina maji ya kina kifupi. Wadi Shab inanivutia zaidi, lakini baada ya kuvushwa kwa mashua mtatembea takriban dakika 45 juu ya mawe, na pango lenye maporomoko ya maji hufikiwa kwa kuogelea kupitia ufa unaotosha kichwa tu, kwa hiyo iacheni. Shimo la Bimmah, shimo kubwa la asili lenye maji, lina ngazi, na visamaki vyake hudonoa nyayo (wanangu walipiga mayowe). Vaeni fulana na kaptula ndefu. Mvua ikitabiriwa milimani, msiingie bondeni hata jua likiwaka, kwani mafuriko hufika ghafla.