Usimpe baba dawa za kuongeza kinga

Dada wa Masasi, umeuliza kama umpe baba dawa za kuongeza kinga, maana ameambiwa mishipa yake ya moyo ina mafuta. Usimpe. Nakuelewa hofu yako. Mama yangu hapa Mtwara alikutwa na tatizo hilohilo.

Kinga ya baba yako haijapungua, imo kazini. Lehemu mbaya, yaani kolesteroli, ikizidi hupenya kwenye ukuta wa ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Chembe nyeupe za damu ziitwazo monositi, ambazo ni askari wa kinga, huifuata humo, zinageuka makrofaji, yaani chembe walaji, na kuanza kuimeza. Zinameza mpaka zinajaa mafuta. Kwenye darubini zinaonekana kama povu. Zikifia humo, uchafu unarundikana na kuita nyingine. Utando unaofunika rundo hilo ukichanika, damu inaganda pale, na ndipo linapokuja shambulio la moyo.

Kuishusha kinga nako si mchezo. Utafiti wa CANTOS, 2017, ulionyesha dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani ilipunguza mashambulio, lakini vifo vya maambukizi viliongezeka.

Kwa hiyo shikeni statini, dawa za kushusha lehemu, kama daktari ameandika, presha na sukari zipimwe, sigara aache kabisa. Na vidonge vihesabu mwenyewe. Mama aliacha alipojisikia nafuu. Nilikuta pakiti nzima nyuma ya mtungi wa maji. Korosho baba ale tu, zisizo na chumvi.

Kifua kikimbana huku anatoka jasho la baridi, au mdomo ukipinda na mkono kulegea, msingoje kupambazuke. Mkimbizeni hospitali usiku huohuo.